Mama kasema "hatukulipa", mashine imeandika "tutakulipa"

*"Habari, mtaalamu. Nasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu ni juu ya akina mama wanaofanya biashara ya kuvuka mpaka pale Busia. Nina mahojiano 26, kila moja kama saa moja. Mengi nilirekodi kwa simu palepale sokoni, mawili nilitumiwa kama sauti za WhatsApp, na matatu nilirekodi tukiongea kwa simu ya kawaida. Wanazungumza Kiswahili, ila wanachanganya na Kiganda, Kisamia na Kiingereza. Rafiki yangu alinionyesha tovuti ya bure inayogeuza sauti kuwa maandishi, nikapakia tatu. Ya kwanza ilitoka vizuri hadi nikafurahi. Ya pili ilitoka kana kwamba ni Kishona. Ya tatu ina sentensi moja imejirudia mara thelathini na kitu, na mwishoni imeandikwa 'asante kwa kutazama', maneno ambayo hakuna mtu aliyeyasema. Je, Kiswahili chetu cha Uganda ndicho kibovu? Ninunue programu ya kulipia, nikarekodi upya, au nikae niandike kwa mkono? Laptopu yangu ina RAM ya GB 8, haina kadi ya picha, bando ni la kuhesabu, na msimamizi wangu anataka manukuu yote ndani ya wiki saba."*

Ndugu msomaji, swali lako moja limebeba matatu: kama kasoro ni ya lugha, kama fedha itaitibu, na kama saa 26 za sauti zinamalizika kwa wiki saba. Hilo la mwisho ni hesabu tu, nitalifikia. Kwanza nikutoe hofu: Kiswahili cha Busia hakina ubovu wowote, na kwa watu kinaeleweka vizuri. Halafu nikutie hofu mahali ambapo hukuwa nayo. Rekodi ya kutilia shaka si ile ya Kishona wala ile iliyojirudia. Hizo zimeshajitangaza zenyewe kwamba zimeharibika. Ya kutilia shaka ni ile iliyokufurahisha.

Kabla ya hilo lakini, usipakie faili nyingine hata moja kwenye tovuti hiyo. Fomu ya ridhaa waliyoweka saini wale akina mama ilisema nini kuhusu sauti zao? Kwa kawaida fomu hizi huahidi kwamba rekodi itabaki kwa mtafiti na msimamizi wake. Ukipakia kwenye tovuti ya bure, sauti imeenda kwenye seva usiyojua iko nchi gani, na masharti ambayo hakuna anayeyasoma mara nyingi huruhusu itumike kufundishia mashine. Watu wako wanazungumzia magendo, pengine na majina ya maofisa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo alilolikubali, na zikichakatwa nje ya nchi, ama huko ziendako kuwe na ulinzi unaolingana na wa hapa, ama mwenyewe awe ameridhia. Zile tatu ulizokwisha kupakia, ingia uzifute kama tovuti inaruhusu, andika tarehe na jina la tovuti, kisha mwambie msimamizi wako wiki hii. Likisemwa mapema ni jambo dogo. Likija kugunduliwa na kamati ya maadili siku unapowasilisha tasnifu, ni jambo jingine.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Wengi hudhani inasikia neno, inalitafuta kwenye kamusi, inaliandika. Haiendi hivyo. Chukua Whisper, modeli (yaani programu iliyojifunza kwa mifano mingi) ambayo OpenAI waliitoa Septemba 2022 bila malipo na ambayo tovuti nyingi za aina uliyotumia zinaiendesha nyuma ya pazia. Sauti hukatwa vipande vya sekunde 30. Kila kipande hugeuzwa kuwa kitu kama picha inayoonyesha, kila baada ya milisekunde 10, masafa yapi yana nguvu na yapi hayana: s inawaka juu, m inawaka chini, kila irabu ina michirizi yake. Hilo ndilo sikio. Upande wa pili kuna mdomo, unaoandika silabi baada ya silabi, na kila mara unajiuliza mambo mawili kwa mpigo: picha hii inafanana na nini, na baada ya haya niliyokwisha kuandika, huwa linafuata neno gani? Sauti ikiwa safi, sikio linaongoza. Boda ikipita, au mama akigeuka kumpimia mteja nyanya, sikio linapotea njia, lakini mdomo haukufundishwa kunyamaza. Unaendelea kwa mazoea, kama mtu anayeweweseka usingizini: sentensi ni nzuri, ila hazihusiani na kilichomo chumbani.

"Asante kwa kutazama" yako ilizaliwa hapo. Modeli ilifundishwa kwa sauti za intaneti zilizoambatana na maandishi yake, na maandishi ya video yanapofika mwisho, muziki ukififia, huwashukuru watazamaji. Ilipokutana na ukimya mwishoni mwa rekodi yako, pale ulipokuwa unaitafuta simu uizime, ikakumbuka ukimya ule. Sentensi iliyojirudia nayo ina asili yake. Kwa kawaida kila kipande cha sekunde 30 hupewa maandishi ya kipande kilichotangulia ili yaungane. Kipande kimoja kikiteleza kikarudia sentensi, kinachofuata kinaona marudio hayo kama ushahidi kwamba hivi ndivyo mazungumzo yanavyokwenda, kinaongeza la kwake, na gurudumu limeshaanza kuzunguka. Watafiti wa Marekani walioichunguza Whisper kwa sauti za Kiingereza, matokeo yakatoka 2024, walikuta karibu asilimia 1 ya vipande vina maneno ambayo hakuna aliyeyasema, na hali ilikuwa mbaya zaidi kwa wasemaji wanaonyamaza kwa muda mrefu katikati ya maneno. Na hicho ni Kiingereza, lugha inayokula sehemu kubwa ya saa 680,000 ambazo modeli ile ya kwanza ilifundishwa. Katika saa hizo, za unukuzi wa Kiswahili hazikufika hata 10. Matoleo ya baadaye yameongezewa sauti nyingi, lakini pengo bado unaliona kwenye karatasi.

Kishona je? Usipoiambia programu lugha, huitambua yenyewe kwa kusikiliza sekunde 30 za mwanzo, kisha faili lote linahukumiwa kwa hizo. Naamini mahojiano yale yalianza kwa salamu za Kiganda, kama ilivyo adabu. Kiganda hakimo katika orodha ya lugha za Whisper. Kishona kimo, Kilingala kimo, Kiswahili kimo. Mashine ilisikia lugha ya Kibantu isiyoijua, ikachagua jirani aliyefanana, na saa nzima ya Kiswahili ikaingia humo. Dawa yake ni kuitajia lugha kwa mkono. Hasara yake ni kwamba ukishaitajia Kiswahili, Kiganda chote kitakachofuata kitalazimishwa kuwa Kiswahili: utapata maneno ya Kiswahili sanifu mahali ambapo mama alitaja methali ya Kiganda.

Sasa ile iliyokufurahisha. Tuseme mama amesema hivi:

*Siku ile hatukulipa ushuru, tulipita panya na nyanya debe tatu.*

Na mashine, sokoni palepale, ikaandika hivi:

*Siku ile tutakulipa ushuru, tulipita pamoja na nyanya debe tatu.*

Isome polepole. Ile "ha" ya ukanushi ni pumzi tu, haina nguvu, na kelele za soko huimeza kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Ikishamezwa, inabaki "atukulipa", neno lisilokuwepo, na mdomo wa mashine unalinyoosha kuwa neno lililopo. "Panya" ya njia za panya haikutarajiwa hapo. Baada ya "tulipita", na kabla ya "nyanya", "pamoja na" inakaa vizuri kuliko "panya na". Hesabu makosa: maneno kumi, mawili yamekosewa. Muuzaji wa programu atakwambia amepata asilimia 80, na hatakuwa amedanganya. Lakini ushuru usiolipwa na njia iliyopitwa ndiyo tasnifu yako nzima, na vyote viwili vimetoweka bila kuacha kovu. Jicho linalosoma bila sikio haliwezi kuyaona makosa haya kwa sababu Kiswahili chake ni safi. Lugha yetu inaongeza ugumu huu: mtendaji, wakati, ukanushi na mtendwa vyote vimebebwa ndani ya kitenzi kimoja, silabi moja kila kimoja. Mwingereza akipotezewa silabi moja, mara nyingi sentensi yake bado inaeleweka. Sisi tukipotezewa "ha" tumegeuza ushahidi.

Hapo ndipo lafudhi inapoingia, na hilo ndilo swali lako la kwanza hasa. Sauti za Kiswahili zinazokusanywa kufundishia mashine nyingi ni za watu wanaosoma sentensi zilizoandikwa, wakiwa wametulia, kwa matamshi yaliyo karibu na ya shuleni. Mtu aliyekulia kwenye Kiganda ana l na r zinazogawana kazi: baada ya e na i anatamka r, kwingine l. Kwa hiyo "biashara" inakuwa "biashala" na "habari" inakuwa "habali". Hizi mashine huzirekebisha, maana hazina mshindani. Shida iko kwenye maneno yenye mshindani. "Thamani" ikitamkwa "samani" inaandikwa samani, na sasa mama wa nyanya anaongelea bei ya viti na kabati. Sikiliza rekodi moja kwa saa moja ukiwa na daftari, andika maneno ya biashara yanayotamkwa kienyeji, utapata kama ishirini au thelathini. Orodha hiyo itakusaidia wakati wa kusahihisha kuliko programu yoyote ya kununua.

Je, ya kulipia ni bora? Kwa Kiingereza, ndiyo, mara nyingine. Kwa Kiswahili kilichochanganywa, unalipia zaidi kiolesura kizuri, majina ya wasemaji na kasi. Chini yake mara nyingi kuna modeli ileile au ndugu yake. Kabla ya kutoa shilingi moja, fanya jaribio hili. Chagua rekodi tatu: iliyo safi kabisa, ya kati, na mbovu. Kata dakika tatu katikati ya kila moja. Usikate mwanzoni, maana mwanzoni watu huongea kwa uangalifu. Ziandike kwa mkono huku ukitazama saa. Kisha zipitishe kwenye mashine, sahihisha ilichotoa ukiwa na spika za masikioni, na tazama saa tena. Linganisha dakika kwa dakika. Asilimia ya makosa inafaa kwenye makala za wataalamu. Wewe unahitaji kujua muda. Kusahihisha kukichukua chini ya theluthi mbili ya muda wa kuandika, mashine inakusaidia. Vikikaribiana, andika kwa mkono, kwa sababu anayeandika kutoka mwanzo anasikiliza kila neno, ilhali anayesahihisha akichoka huanza kusoma tu.

Na hesabu niliyokuahidi ni hii. Mwandishi wa kawaida hutumia saa nne hadi sita kwa saa moja ya mahojiano. Tuchukue tano: 26 mara tano ni saa 130. Wiki saba kwa siku sita ni siku 42. Ni saa tatu na dakika chache kwa siku. Ni kazi, lakini inawezekana hata mashine isipokuwepo kabisa, na ni vizuri kujua hivyo kabla hujashikwa na wasiwasi wa kutafuta muujiza. Tumia programu ya kusikilizia inayokuruhusu kusimamisha sauti, kurudi nyuma sekunde mbili na kupunguza kasi bila kuondoa mikono kwenye kibodi. oTranscribe ni ya bure, inafungukia kwenye kivinjari, na faili la sauti linabaki kwenye kompyuta yako. ELAN ni nzito kidogo kujifunza, ila inafaa sana mkiwa na lugha tatu ndani ya sentensi moja, maana kila lugha au kila msemaji anapata mstari wake.

Ukiamua kutumia mashine kwa zile rekodi safi, iendeshe ndani ya laptopu yako. Sauti haitoki nje, na bando unalitumia mara moja tu, kupakua modeli. Modeli ndogo iitwayo small ni kama MB 470, medium ni GB 1.5, large ni karibu GB 3. Small kwenye laptopu kama yako inakwenda kwa kasi ya kuvumilika, lakini Kiswahili chake kinakera: itakugawia maneno katikati na kutunga mengine. Ningekushauri large-v3, yaani toleo la tatu la large, kupitia programu ya faster-whisper, ukichagua hesabu za int8 zinazopunguza kumbukumbu inayohitajika ili ienee kwenye GB 8 zako. Itatambaa. Faili la saa moja linaweza kula saa kadhaa, kwa hiyo liwashie usiku, chaja ikiwa kwenye umeme na kompyuta ikiwa imezuiwa kulala. Ukiogopa kuandika amri, Buzz ni programu ya bure yenye madirisha ya kubofya inayofanya kazi hiyohiyo bila intaneti.

Tayarisha sauti kwanza. Modeli hizi zinasikia sampuli 16,000 kwa sekunde, mkondo mmoja, basi ibadilishe hivi kwa ffmpeg, programu ya bure ya kubadilisha mafaili ya sauti inayoendeshwa kwa kuandika amri:

`ffmpeg -i busia07.m4a -ar 16000 -ac 1 busia07.wav`

Faili hilo litakuwa na uzito wa karibu MB 115 kwa saa. Sauti za WhatsApp, zenye mkia wa .opus, zinakubali amri hiyohiyo. Usizicheze kwenye spika ukazirekodi upya kwa simu nyingine, kama wengine wanavyofanya, kwa sababu utaongeza mwangwi wa chumba juu ya sauti iliyokuwa nzuri. Na usikimbilie kuondoa kelele. Vichujio vya kusafisha sauti humpendeza msikilizaji, lakini pamoja na kelele huchukua s, f na h, ambazo nazo ni kelele kwa asili yake. Kuinua sauti iliyo chini ni sawa, na kukata mvumo ulio chini ya hezi 80 ni sawa. Zaidi ya hapo, linganisha dakika mbili zilizosafishwa na mbili ambazo hazikuguswa kabla ya kusafisha zote.

Amri yenyewe, ukitumia Whisper ya kawaida:

`whisper busia07.wav --model large-v3 --language sw --task transcribe --condition_on_previous_text False --output_format srt`

Neno "sw" linazuia Kishona. "transcribe" linahakikisha haitafsiri kwenda Kiingereza, jambo ambalo tovuti nyingine hufanya kimyakimya. Lile refu lenye "False" linakata mnyororo wa marudio: kila kipande kinaanza upya bila kurithi makosa ya jirani. Nakala ya srt inakupa saa na sekunde za kila mstari, ili ukitilia shaka neno ujue pa kurudi. Kwenye faster-whisper, washa pia kichujio cha ukimya, vad_filter, kinachoondoa sehemu zisizo na usemi kabla hazijaanza kuweweseshwa. Kipo pia kisanduku cha kidokezo cha mwanzo, initial_prompt, unapoweza kuandika sentensi mbili zenye maneno yako: magendo, njia za panya, debe, Sofia, Malaba. Kinasaidia kidogo, hasa majina ya mahali, lakini usikijaze. Nafasi yake ni ndogo na mara nyingine kinalipenyeza neno mahali ambapo halikusemwa.

Zile tatu za simu ya kawaida ziweke pembeni. Mtandao wa simu wa kawaida hubeba sauti mpaka kama hezi 3,400 tu, na yote yaliyo juu yake, ambako s na sh hutofautiana, hayapo kwenye faili. "Saba" na "shaba" zinabaki kutofautishwa na maana peke yake. Kuzibadilisha kuwa sampuli 16,000 hakuzirudishi. Ni kumwaga chai kidogo kwenye kikombe kikubwa. Andika hizo kwa mkono.

Kwa rekodi za sokoni zilizochanganyika, kuna njia ya katikati ambayo wanukuzi wengi hawaijui: kurudia kusema. Vaa spika za masikioni, sikiliza sentensi moja, simamisha, kisha itamke mwenyewe kwa sauti ya kawaida, polepole, huku ukijirekodi ndani ya chumba kimya. Palipo na Kiganda sema "Kiganda hapa" na uendelee. Rekodi hiyo ya sauti yako ndiyo unayoipa mashine. Sasa sikio lenye kuelewa soko ni lako, na mashine inabaki na kazi inayoiweza, ya kuandika Kiswahili safi cha mtu mmoja. Ukanushi utamke kwa mkazo: *ha-tukulipa*. Saa moja ya mahojiano itakuchukua kama mbili kuirudia, ukijumlisha na kusahihisha tatu na nusu. Hasara moja: "eeh", "si unajua", kigugumizi na kicheko vitapotea. Hata mashine yenyewe ikisikiliza rekodi ya asili huvidondosha. Kama uchambuzi wako unategemea jinsi mtu anavyosita, si tu anachosema, njia zote mbili hazikufai.

Na Kiganda chenyewe? Kipo kilichofanyika nyumbani. Chuo Kikuu cha Makerere kimeshiriki kukusanya sauti za Kiganda kwenye mradi wa wazi wa Common Voice, na Sunbird AI ya Kampala imetengeneza modeli za Kiganda, Kinyankole, Kiacholi, Kiteso na Kilugbara. Meta nao walitoa mwaka 2023 modeli ya MMS inayotambua lugha zaidi ya 1,100, iliyofundishwa kwa kiasi kikubwa na usomaji wa Agano Jipya, kwa hiyo usishangae ikikijua kisa cha mtoza ushuru kuliko debe la nyanya. Zote hizi hushughulikia lugha moja kwa wakati. Mama anayeanza sentensi kwa Kiswahili, akaingiza "ssente", akamalizia "that's how it is" bado anazishinda. Kwa vipande vya Kisamia tafuta msemaji wa Kisamia, mwoneshe mkataba wa kutunza siri, na umlipe.

Wakati wa kusahihisha usianze na tahajia. Pita mara ya kwanza ukitafuta vitu vinne tu: kila ukanushi, kila namba, kila saa na kila jina. Hakikisha "elfu mia mbili" haikuandikwa 1,200. Hakikisha "saa mbili asubuhi" haikugeuka 2:00, kwa maana msomaji wa kamati atadhani soko linafunguliwa usiku wa manane. Kisha rudi kwa sentensi zilizobaki. Mahali usiposikia baada ya kurudia mara tatu, andika [haisikiki 12:40] na uendelee. Pengo lililotajwa ni data, neno la kubahatisha si data. Wasemaji wakiwa wawili, weka mwenyewe alama ya nani anasema unapopita. Programu za kutenganisha wasemaji zipo, ila kwa watu wawili zitakula muda mwingi kuliko zitakaookoa.

Kurekodi upya kunafaa kwa mbili au tatu tu, kama zipo, ambazo hata wewe husikii. Ukirudi, simu isiwe mezani kati yenu. Kila umbali ukizidishwa mara mbili sauti ya msemaji inashuka desibeli 6, ilhali kelele za soko zinabaki palepale. Kutoka sentimita 20 hadi 80 umeshapoteza 12. Maiki ndogo ya waya ya kubana kwenye nguo, kiganja kimoja chini ya kidevu, itakupa zaidi ya programu yoyote. Weka simu kwenye hali ya ndege, isije ikaita katikati, na mwanzoni mwa kila rekodi taja kwa Kiswahili namba ya mahojiano na tarehe: kumbukumbu unaipata, na sekunde za kwanza za Kiswahili pia.

Yapo mawili ambayo usiyamalize peke yako. Rekodi yoyote inayoweza kuitwa polisi au mahakamani, au ambamo mtu ametaja jina la ofisa na kiasi cha rushwa, ipeleke kwa msimamizi na kamati ya maadili iliyokupa kibali kabla ya kuinukuu kwa njia yoyote. Na kama jaribio la dakika tisa linakuonyesha hata rekodi safi hazinyooki, nenda ana kwa ana kwenye idara ya kompyuta ya chuo chako, uliza nani anafanya kazi na lugha za Uganda. Ukienda beba vile vipande vitatu vya dakika tatu, majina yakiwa yamefutwa, pamoja na nakala zake za mkono. Flashi yenye mahojiano yote 26 iache nyumbani.